Pikipiki zilizotolewa sailensa: ni nani mwenye mamlaka ya kuzikamata, na kwa kosa gani?

Nuru wa Morogoro

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Ninaomba ushauri wa kisheria na wa kiutendaji kuhusu jambo ambalo limetunyima usingizi mtaani kwetu kwa miezi saba sasa. Ninaishi Manispaa ya Morogoro, nyumba ya tatu kutoka barabara ya lami, pamoja na mama yangu mzazi ambaye alipata kiharusi mwaka juzi na bado anajifunza upya kushika kikombe. Kuanzia saa nne usiku mpaka karibu saa nane, vijana wanne au watano wa bodaboda hupita barabara hiyo wakipanda na kushuka, na pikipiki zao zote zimetolewa sailensa. Kinachotutesa zaidi ni ule mchezo wa kuzima swichi pikipiki ikiwa kwenye mwendo na kuiwasha tena ghafla, ikalipuka mlio ambao mtu aliyelala hawezi kuutofautisha na risasi.

Wiki iliyopita nilikuwa ninamnywesha mama uji wa usiku. Kikombe kilikuwa kimeshikwa nusu na yeye, nusu na mimi, mlio ukapiga palepale nje ya dirisha. Mkono wake wa kushoto, ambao ndio wenye nguvu, ulijikunja kifuani, uji ukammwagikia shingoni, akawa anatetemeka. Nilikaa naye mpaka saa saba nikiwa nimemshika kiganja.

Nimekwenda kwa mtendaji wa mtaa, akaniambia vyombo vya moto ni kazi ya trafiki. Nikaenda kituo cha polisi, nikaelezwa kwamba kelele ni suala la mazingira, hivyo niende halmashauri. Halmashauri nao wakanijibu kwamba sheria ndogo wanazozisimamia zinagusa baa, nyumba za ibada na mashine za kusaga, na kwamba chombo kinachotembea ni cha polisi. Safari hiyo nimeizunguka mara mbili. Mara moja tu ilifanyika operesheni: askari walikuja saa tano asubuhi wakapakia pikipiki kumi na kitu kwenye gari, zikiwamo za vijana wasio na kosa lolote la kelele, mmoja wao akiwa yule anayempeleka mama kliniki. Wale wa usiku walikuwa wamelala kwao. Baada ya siku tatu pikipiki zote zilirudi barabarani, na zile zenye kelele zilirudi na kelele zake.

Maswali yangu ni haya: sheria ipi hasa inavunjwa, nani mwenye wajibu wa kuchukua hatua, na mimi raia ninatakiwa kupeleka ushahidi wa namna gani ili nisirudishwe tena mlangoni?

Trafiki Mstaafu

Marahaba binti yangu, na pole sana kwa kuuguza.

Nimefanya kazi ya usalama barabarani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jibu la kwanza ninaloweza kukupa ni kwamba ofisi zote tatu zilizokuzungusha zina mamlaka. Hiyo ndiyo sababu ilikuwa rahisi kila moja kukuelekeza kwa mwenzake. Ingekuwa ni ofisi moja tu yenye wajibu, isingepata mahali pa kukutuma.

Tuanze na polisi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inataka chombo cha moto kiwe katika hali nzuri ndipo kitumike barabarani, na pikipiki iliyotolewa sailensa ni chombo kibovu kama ilivyo pikipiki isiyo na breki au taa. Askari anaweza kukisimamisha, kukikagua na kukizuia mpaka kitengenezwe. Zingatia kwamba kwa njia hii hakuna haja ya kipimo cha sauti. Hoja inakuwa hali ya bomba, nayo inaonekana kwa macho hata injini ikiwa imezimwa. Huwa ninasikitika sana ninaposikia askari mwenzangu akisema hawezi kukamata kwa sababu hana mashine ya kupimia, maana kosa lenyewe limefungwa kwa boliti mbili ubavuni mwa pikipiki na mtu yeyote anaweza kuliona.

Sisi tulikuwa tunatumia kijiti cha mfagio wa chelewa. Unakiingiza kwenye tundu la bomba lililopoa. Kwenye sailensa nzima kitakwama kwenye ukuta wa ndani, na kwenye bomba lililotobolewa kitazama chote mpaka vidole vyako viguse chuma. Dereva mwenyewe akiona hivyo habishani.

Upande wa mazingira ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sura ya 191, pamoja na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zilizotungwa chini yake. Ni kwa sheria hiyo NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, wamekuwa wakifunga baa na kumbi, nasi sote tumeona. Lakini sheria hiyo haiishii NEMC: inataka halmashauri ziwe na maofisa wa mazingira, na inashusha majukumu mpaka kwenye kata na mtaa. Kwa hiyo mtendaji wako hakuwa sahihi kukwambia hayamhusu. Kuhusu sheria ndogo, manispaa inapewa uwezo wa kuzitunga na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, nazo hazina nguvu mpaka ziidhinishwe na Waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Omba kuiona ile wanayoitaja, uisome mwenyewe neno kwa neno; mara nyingi anayekujibu kaunta amesimuliwa tu. Na juu ya hayo yote, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kusababisha kero kwa umma, ambalo mtu anayelipua bomba saa saba ya usiku katikati ya makazi hawezi kulikwepa kirahisi.

Sasa niseme lililo gumu. Trafiki wengi wanafanya kazi mchana, kwenye barabara kuu. Usiku wanaobaki ni askari wa doria, na akili yao iko kwenye wizi na ujambazi. Pikipiki yenye kelele wanaiacha ipite. Pia, tangu mwaka wa fedha 2021/22 faini ya papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Niliunga mkono hatua hiyo, kwa sababu vijana walikuwa wanaumizwa. Lakini faini pekee haitengenezi bomba: kijana analipa, anaondoka na bomba lilelile, na usiku huohuo analipua tena. Kinachobadilisha hali ni kuizuia pikipiki mpaka fundi afunge sailensa mbele ya mkaguzi, kisha kuiruhusu siku hiyohiyo. Kuiweka kituoni siku tatu halafu kuirudisha na bomba lilelile ni kumwadhibu mtu bila kuondoa kosa.

Fundi wa Boxer

Ninaunga mkono aliyosema mzee wetu, na ninaomba kuongezea upande wa ufundi, kwa sababu ninadhani askari na wakazi wakielewa kinachofanyika ndani ya bomba watajua cha kutafuta.

Pikipiki nyingi za bodaboda, kwa mfano Boxer na TVS, zina injini ya silinda moja yenye mipigo minne. Injini ya namna hiyo hulipua mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inatoa milipuko 50 kila sekunde, na kila mlipuko unasukuma hewa ya moto kwenye bomba kwa kishindo. Kazi ya sailensa ni kuvunja hicho kishindo. Ndani yake kuna vyumba vilivyotenganishwa na sahani za chuma, na vibomba vidogo vinavyoilazimisha hewa kugeuka na kurudi kabla ya kutoka. Hewa inafika nje ikiwa imechoka. Ukikata mgongo wa sailensa kwa grenda, ukatoa sahani zile na kuchomelea upya, kwa nje inaonekana ni ileile, lakini umebakiza debe tupu.

Milio ya risasi ni jambo jingine. Dereva anapozima swichi huku mafuta yamefunguliwa, injini inaendelea kuzungushwa na tairi, inavuta petroli na hewa na kuvitema vikiwa vibichi kwenye bomba la moto. Anapowasha tena, cheche ya kwanza inapeleka moto huko na mafuta yote yaliyokusanyika yanalipuka kwa pamoja nje ya injini. Kwenye sailensa nzima mlipuko huo hupungua, ingawa huwa unaipasua polepole. Kwenye bomba tupu unatoka wote. Kwa hiyo ukirudisha sailensa umeshughulikia matatizo yote mawili kwa pamoja.

Ninaomba tusiwaweke vijana wote kapu moja. Wapo ambao bomba lao limeliwa na kutu kwa chini, kwa sababu maji ya mvuke hujikusanya humo hasa kwa anayekimbia safari fupifupi, na hawajapata fedha ya kununua jingine. Wapo waliouziwa pikipiki ikiwa imeshatobolewa. Wapo wanaoamini kwamba bomba tupu linaongeza nguvu, imani ambayo haina msingi kwa injini ambayo haijarekebishwa kitu kingine chochote. Sauti inaongezeka na dereva anadhani ni mwendo. Mimi nimewahi kuwakatia watu sailensa nilipokuwa kijana gereji, nikaacha siku jirani yetu mwenye mtoto mchanga alipokuja kuniomba kwa upole sana. Tangu hapo anayekuja na ombi hilo ninamwonyesha sahani za ndani na kumweleza zinafanya nini, na baadhi wanaondoka nayo nzima.

Kuhusu kijiti cha chelewa: ni njia nzuri, lakini aina mbili hazilingani kina, hivyo ni vyema mkaguzi alinganishe na pikipiki nyingine ya aina ileile ambayo bado ni mpya. Njia nyingine ni kutazama mshono wa kuchomelea. Sailensa ya kiwandani ina mshono ulionyooka. Ya mtaani ina uvimbe, na rangi yake imeungua pembeni.

Wakili wa Tudor

Dadangu, pole kwa kuuguza. Ninaandika kutoka Mombasa. Sheria zetu si zenu, lakini mtindo wa kufikiri uliomo katika kanuni zetu unaweza kukufaa unapoandika malalamiko yako.

Kenya tuna kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Zinaweka kikomo cha sauti nje ya nyumba katika maeneo ya makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo unaanza saa mbili jioni. Aidha, Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Kwa hiyo sisi nasi tuna NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), kaunti na polisi wa trafiki, na mwananchi huku huzungushwa vilevile.

Kilicho na thamani zaidi kwangu si namba hizo. Kanuni zinaeleza mambo ya kuangaliwa ili kuamua kama kelele imezidi: saa ambayo inapigwa, ukaribu wake na makazi, kama inajirudia au ni ya mara moja, ukali wake, kama imeongezwa kwa kifaa, na kama anayeipiga angeweza kuidhibiti bila gharama wala taabu kubwa. Hebu liangalie suala lako kwa vigezo hivyo. Ni usiku, ni mita chache kutoka kitanda cha mgonjwa, inajirudia kwa miezi saba, imeongezwa kwa makusudi, na dawa yake ni kutozima swichi, jambo ambalo halimgharimu mtu hata senti. Ukiandika barua kwa mpangilio huo, msomaji wa ofisi yoyote ataona uzito wake hata kabla ya kufungua kitabu cha sheria.

Kuhusu upimaji, kipo kiwango cha kimataifa, ISO 5130, ambacho hupima pikipiki ikiwa imesimama: kipaza sauti huwekwa nusu mita kutoka tundu la bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikizungushwa kwa kasi iliyopangwa kulingana na aina yake. Kazi hiyo haihitaji maabara. Lakini ninakubaliana kabisa na afande mstaafu kwamba anayesubiri kipimo ili aondoe bomba lililotobolewa anachelewesha haki bila sababu. Kipimo ni cha kesi zenye ubishi.

Naongeza jambo moja kuhusu desibeli, kwa kuwa watu huzidharau. Zikiongezeka 10, nishati ya sauti imezidishwa mara kumi, na sikio la mwanadamu huisikia kama imekuwa kubwa maradufu hivi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba bomba lile "limezidisha desibeli kumi tu", usikubali hilo neno "tu".

Mwenyekiti wa Kijiwe, Mwanza

Poleni sana dada Nuru na mama. Ninaongoza kijiwe cha bodaboda na ninasema kwa dhati kwamba wanaofanya hivyo wanatuharibia kazi. Abiria mtu mzima hapandi pikipiki inayolipuka, na mgonjwa ndiyo kabisa.

Hata hivyo ninaomba wanaofikiria operesheni wafikirie tena. Pikipiki nyingi si za anayeziendesha. Kuna bosi anayepelekewa hesabu kila jioni, na kuna kijana wa mkataba ambaye akikosa siku tatu amekosa hesabu ya siku tatu na anaweza kunyang'anywa chombo. Mara nyingi anayepiga kelele usiku ni deiwaka, yaani aliyeachiwa pikipiki kwa saa chache mwenye mkataba akiwa amelala. Askari wakija asubuhi wanamkuta mwenye mkataba, wanamkamata yeye, na deiwaka anasikia habari hiyo akiwa kitandani. Hivi ndivyo ilivyotokea kwenu, ninaamini kabisa.

Sisi tulipofikiwa na malalamiko kama yako tulifanya hivi. Kila pikipiki ya kijiwe imeandikwa kwenye daftari pamoja na jina la mwenye mkataba, na sharti likawa kwamba unayemwachia usiku ni lazima umtaje. Kisha tukakagua mabomba wenyewe, siku ya kikao, kila mtu akiona. Waliokuwa na bomba la kutu tuliwakopesha kwenye mfuko wa kijiwe wakanunua. Wawili waligoma, nasi tukawaondoa kwenye foleni ya abiria mpaka wakafunga sailensa; mmoja alikaa nje siku tisa. Hatukuhitaji gari la polisi. Kwa hiyo kabla ya barua, au pamoja na barua, mtafute mwenyekiti wa kijiwe kilicho karibu na umsimulie habari ya kikombe cha uji kama ulivyotusimulia hapa. Wengi wetu tuna mama zetu.

Msomaji wa Lyon

Ninaongeza kidogo kutoka Ufaransa, ambako malalamiko haya ni makubwa pia. Mwaka 2022 jiji la Paris lilianza kwa majaribio kufunga kamera zenye vipaza sauti zinazotambua chombo chenye kelele na kusoma namba yake, na faini iliyotajwa ni hadi yuro 135. Nako pia haikuwa rahisi, kwa sababu ilibidi kwanza kuthibitisha kwamba sauti iliyopimwa ni ya chombo hicho na si ya gari lililo jirani yake. Kwa mtaa wenye barabara moja na pikipiki nne zinazojulikana, sioni haja ya teknolojia hiyo.

Nuru wa Morogoro

Ninawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Nimesoma majibu haya mara tatu, na mengine nimemsomea mama. Alicheka kidogo kuhusu kijiti cha chelewa, na sijamsikia akicheka siku nyingi.

Jana jioni nilikwenda kijiweni. Mwenyekiti wao alinisikiliza, akaniambia kwamba wawili kati ya wale wa usiku anawafahamu na si wanachama wake, lakini watatu wanatoka kwake na atawaita Jumapili. Nimeandika pia barua moja kwa polisi, nakala kwa afisa mazingira wa manispaa na kwa mtendaji wa mtaa, nikiwa nimepanga maelezo kama wakili alivyoelekeza: saa, umbali, idadi ya mara, makusudi, na wepesi wa kuacha. Nimeandika ofisi zote tatu kwenye barua moja ili kila moja ione kwamba mwenzake naye ameandikiwa. Nimeambatanisha orodha ya usiku kumi na mmoja, tarehe na saa, na namba mbili za MC, yaani za usajili wa pikipiki, ambazo niliweza kuzisoma chini ya taa ya duka. Je, nipeleke pia sauti nilizorekodi kwa simu, au zitaonekana hazina maana?

Trafiki Mstaafu

Zipeleke binti yangu, ila usizitegemee kama kipimo, maana simu haithibitishi ukubwa wa sauti. Zinathibitisha saa, kujirudia na ile milipuko, na hayo yanatosha kumfanya mkuu wa kituo aelekeze doria ya usiku ipite barabara hiyo.

Omba mambo mawili kwa maandishi: kwamba ukaguzi ufanyike kati ya saa nne na saa nane usiku, na kwamba pikipiki itakayokutwa na bomba lililotobolewa izuiwe mpaka sailensa ifungwe, kisha iachiwe siku hiyohiyo. Ukiiomba hivyo, hata kijiwe kitakuunga mkono. Peleka barua kwa mkono wako, na kila ofisi isaini na kugonga muhuri kwenye nakala unayobaki nayo. Usisimame wewe barabarani kuwazuia vijana wala kuwapiga picha usoni usiku. Namba ya chombo inatosha. Zikipita siku kumi na nne bila jibu, nenda na nakala hizo zenye mihuri ofisi ya mkuu wa usalama barabarani wa mkoa, uombe kuonana naye mwenyewe, na umpe daftari lako la tarehe alisome akiwa mbele yako.